Mstari mwekundu na limita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu injini za mizunguko ya juu

Mtu aliyezoea gari la kawaida, lile ambalo likifika mizunguko 6,000 kwa dakika linalia kama linaomba msaada, akikaa kwenye gari la spoti lenye takometa, yaani geji ya mizunguko, inayofika 9,000 hufanya kosa moja kati ya mawili. Ama anaogopa na havuki 5,000 mwaka mzima, ama anaamini kwamba limita, yaani kompyuta ya injini inayozuia mizunguko isipite kikomo, itamlinda kwa lolote atakalolifanya. Nimewaandikia wote wawili. Mifano mingi inatoka kwenye Honda S2000 ya kwanza, ile ya lita 2.0 iliyoanza kuuzwa mwaka 1999, kwa sababu hesabu zake zinayaweka mambo haya wazi kuliko gari lingine ninalolijua.

Mstari mwekundu ni nini hasa?

Ni idadi ya juu kabisa ya mizunguko ambayo waliounda injini wameridhika kwamba krankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inaweza kuifikia tena na tena, maisha yote ya gari, bila vyuma kuchakaa nje ya mpango. Ukiuvuka kidogo injini haipasuki papo hapo, maana kuna nafasi ya usalama iliyoachwa juu yake. Lakini nafasi hiyo ni ya mhandisi. Aliiacha kwa ajili ya chuma kilichotoka kiwandani na kasoro ndogo, oili iliyochoka, siku ya joto kali. Dereva hana haki ya kuihesabu kama yake.

Kwa nini injini moja iishie 6,500 na nyingine ifike 9,000?

Anza na pistoni, kile chuma kinachosukumwa na mlipuko ndani ya silinda. Inapanda na kushuka, na kila ikifika juu au chini lazima isimame kabisa, kisha igeuze mwelekeo. Kinachoamua injini iende mbali kiasi gani, kabla ya mengine yote, ni urefu wa safari hiyo ya kupanda na kushuka. Safari ikiwa fupi, pistoni haihitaji kukimbia sana ili kumaliza mzunguko mmoja.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Chukua urefu wa safari kwa mita, zidisha kwa mbili, zidisha kwa mizunguko ya dakika, kisha gawanya kwa 60. Utapata mwendo wa wastani wa pistoni kwa sekunde. Kwenye S2000 ya kwanza safari ni milimita 84, na kwa mizunguko 9,000 jibu ni mita 25.2 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 90 kwa saa, ndani ya silinda ambayo kipenyo chake ni milimita 87, huku pistoni ikisimama na kugeuka mara 300 kila sekunde.

Sasa linganisha. Porsche 911 GT3 ya lita 4.0 ina safari ya milimita 81.5 na inafika 9,000: mita 24.5 kwa sekunde. BMW M3 ya kizazi cha E46 ina safari ya milimita 91 na mstari wake uko 8,000: mita 24.3. Magari tofauti, nchi tofauti, idadi tofauti ya silinda, lakini yote yanakutana jirani na mita 25. Hata GMA T.50 ya Gordon Murray, ambayo injini yake ya V12 kutoka Cosworth inafika 12,100, imewezeshwa na safari fupi ya milimita 63.8 tu, na pistoni zake zinapata kama mita 25.7. Ukilijua hilo, namba kubwa kwenye takometa haikutishi tena. Unauliza kwanza: safari yake ni ndefu kiasi gani?

Hapo hapo ndipo penye jibu la lawama moja ya siku nyingi. Mwaka 2004 Honda ilipoongeza injini ya S2000 ya soko la Marekani hadi lita 2.2, ilifanya hivyo kwa kurefusha safari ya pistoni hadi milimita 90.7, na mstari mwekundu ukashuka hadi 8,000. Wapo walioona gari limehasiwa. Piga hesabu: mita 24.2 kwa sekunde. Wangeiacha 9,000, pistoni zingepita mita 27. Walichagua mvuto zaidi chini, na hesabu ikadai malipo yake juu.

Baada ya safari ya pistoni ndipo vinakuja vyuma vyenyewe: konrodi nyepesi (fimbo zinazounganisha pistoni na krankshafti), pistoni zilizofuliwa, springi ngumu za valvu, vile vizibo vinavyoingiza hewa na kutoa moshi. Honda NSX ya mwaka 1990 ilikuwa gari la kwanza la kuuzwa kwa umma kupewa konrodi za titani, na sababu ilikuwa hiyohiyo, kupunguza uzito wa kitu kinachorushwa juu na chini.

Ni kitu gani kinachoharibika ukizidisha?

Vitatu, na kila kimoja kina namna yake ya kufa.

Cha kwanza ni konrodi na bolti zake. Pistoni ya S2000 ikiwa juu kabisa kwenye 9,000, kani ya kuigeuza inazidi mara 4,500 ya uzito wake. Chukua pistoni ya gramu 300 tu: konrodi inaivuta kana kwamba ina uzito wa zaidi ya tani 1.3. Na mwisho wa mpigo wa kutoa moshi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna mgandamizo wa hewa juu ya pistoni wa kuizuia isirushwe. Bolti mbili ndogo zinabeba yote. Zaidi ya hapo, kani hii haipandi sawasawa na mizunguko, inapanda kwa mraba wake. Kutoka 9,000 hadi 10,500 ni ongezeko la asilimia 17 tu la mizunguko, lakini kani inaongezeka kwa asilimia 36.

Cha pili ni valvu. Kamshafti, shafti inayozifungua valvu, huzunguka nusu ya kasi ya krankshafti, kwa hiyo kwenye 9,000 kila valvu inafunguka na kufunga mara 75 kwa sekunde. Kamshafti huisukuma ifunguke, lakini kinachoirudisha ni springi peke yake. Ukifika mahali springi haiwezi tena kuifuatisha kamshafti, valvu inaelea: inabaki wazi wakati inatakiwa iwe imefunga, au inafunga kwa kujipiga na kuruka. Kwenye injini za namna hii nafasi kati ya valvu na pistoni ni ndogo sana. Zikikutana, valvu inapinda, na baada ya hapo unazungumzia kufungua kichwa cha injini.

Cha tatu ni oili. Krankshafti inayozunguka kwa kasi hiyo huipiga oili mpaka ikatoa povu, na pampu ikizungushwa kupita uwezo wake inaanza kuvuta mapovu badala ya oili. Beringi za konrodi, yaani vikalio ambamo chuma huzunguka juu ya utando wa oili, haziwezi kuogelea juu ya hewa. Injini nyingi zinazonoki, yaani kugongagonga ndani, baada ya kuteswa juu huanzia hapo.

Limita inafanyaje kazi?

Sensa iliyo kwenye krankshafti huihesabia kompyuta mizunguko. Ikifika kiwango kilichowekwa, kompyuta inakata kitu kimoja ambacho injini inakihitaji ili iendelee kuvuta. Viwandani wengi hukata mafuta: nozeli zinanyamaza, hakuna kinachowaka, mizunguko inashuka kidogo, mafuta yanarudi. Huko kurudiarudia ndiko kunakoleta ule mlio wa kudunda, ta-ta-ta-ta, na gari kutikisika kama limegonga kitu laini.

Njia ya pili ni kukata moto wa plagi huku mafuta yakiendelea kumiminwa. Inatumika sana kwenye magari ya mashindano na kwenye programu za kuandikiwa upya, na ndiyo inayotoa ule moto kwenye ekzosi ambao watu hupenda kuupiga picha. Kwa gari la barabarani siipendi. Mafuta ambayo hayakuungua yanakwenda kuwaka ndani ya katalisti, lile sega la kusafishia moshi, na joto lake linaweza kuliyeyusha.

Magari ambayo pedeli yake ya mafuta ni ya umeme yana njia ya tatu iliyo pole zaidi. Kompyuta inaanza kufunga koo la hewa kabla ya kufika kikomo, na dereva anahisi tu kwamba gari limeacha kuvuta.

Kabla ya kompyuta kulikuwa na ufundi mwingine wa kupendeza. Rota ya distributa, kifaa kilichogawa umeme kwa plagi, iliwekewa kipande kidogo chenye springi. Mizunguko ikizidi, kipande hicho kinarushwa nje na kuukatiza umeme wa plagi. Lotus Elan na Porsche 911 za zamani zilikuwa nazo.

Limita iko palepale kwenye mstari mwekundu?

Mara nyingi iko juu kidogo. Lexus LFA ina mstari kwenye 9,000 lakini mafuta yanakatwa kwenye 9,500. Magari mengine pia yana limita ya chini zaidi gari likiwa limesimama. Ukikanyaga mafuta bila gia ukaona injini inagomea 4,000 au 5,000, usikimbilie kwa fundi. Kuna uwezekano mkubwa iliandikwa hivyo kiwandani.

Nilishusha gia vibaya, injini ikapita mstari mwekundu. Limita ilikuwa wapi?

Ilikuwepo, na ilifanya kazi yake yote. Hili ndilo jibu ninaloomba usiliruke hata kama umeyaruka mengine.

Limita inaweza kuizuia injini isijizungushe yenyewe. Haiwezi kuyazuia magurudumu yasiizungushe injini. Ukiwa kwenye gari la manyuali, ukaingiza gia ndogo kuliko inavyotakiwa kwa mwendo huo na kuachia klachi, gari zima, zaidi ya tani moja ya chuma inayokimbia, linaishika krankshafti na kuizungusha kwa nguvu. Kompyuta itakata mafuta, itakata moto, itafunga hewa. Haitasaidia kitu, kwa sababu injini haihitaji tena mafuta ili izunguke.

Tazama namba za S2000. Uwiano wa gia yake ya pili ni 2.045, ya tatu 1.481, ya nne 1.161. Uko ya tatu kwenye 8,500 unakwenda ya nne, mkono unateleza kushoto, unaingiza ya pili. Klachi ikishika, injini inatakiwa kuwa 8,500 mara 2.045 gawa kwa 1.481. Jibu ni karibu 11,740. Kani kwenye konrodi inakuwa imezidi ile ya 9,000 kwa asilimia 70, na springi za valvu zimeshapoteza mchezo zamani. Na haya yote yanamalizika kabla hujatamka neno.

Kinga iko mkononi. Usiung'ang'anie mpini wa gia na kuulazimisha. Mpini una springi inayourudisha katikati, kwenye mstari wa gia ya tatu na ya nne. Kutoka ya tatu kwenda ya nne, uvute nyuma moja kwa moja kwa kiganja kilicholegea na uache springi ifanye kazi yake. Kutoka ya tano kwenda ya nne, toa kwanza, acha mpini urudi katikati, ndipo uvute. Watu wengi wanaoharibu injini hivi huwa wana haraka na wamekaza mkono. Ukihisi umekosea, kanyaga klachi papo hapo, hata kabla hujaelewa umefanya nini. Ukiwa bado hujaiachia klachi kabisa, unaweza kuiokoa injini.

Magari ya otomatiki na ya klachi mbili hayana hatari hii kwa sehemu kubwa, kwa kuwa kompyuta hukataa kushusha gia itakayopitisha mizunguko.

Je, kufika mstari mwekundu kila siku kunaua injini?

Injini iliyoundwa kwa ajili hiyo, ikiwa na oili safi ya kutosha na joto lake sahihi, haifi kwa sababu hiyo. Kwenye S2000 nguvu zote, farasi 240 kwa toleo la Marekani, zinapatikana kwenye 8,300. Asiyefika huko hajawahi kuendesha gari alilolinunua. Kinachoiua ni kufika huko oili ikiwa baridi, oili ikiwa imepungua, au kukaa huko muda mrefu bila sababu.

Kuhusu oili kupungua: injini hizi huila kidogo kidogo zikiendeshwa juu. Pima kwa kijiti kila unapojaza tangi, usingoje taa. Taa ya oili inapowaka kwenye kona kali ukiwa 8,000, beringi zimeshaonja ukame.

Geji ya joto iko katikati. Naruhusiwa kwenda juu?

Bado. Geji hiyo inaonyesha joto la maji, na maji hupata joto mapema kuliko oili. Baada ya sindano kutulia, endelea kuendesha kwa upole kwa dakika kumi hivi, ukikaa chini ya 4,000, kisha panda taratibu. Oili baridi ni nzito: inachelewa kufika kwenye beringi za mbali. Nayo pistoni ya alumini hutanuka haraka kuliko silinda ambayo bado ni baridi. BMW waliliona hili, wakaiwekea M3 ya E46 taa ndogo kwenye takometa zinazozimika moja baada ya nyingine kadiri oili inavyopata joto. Laiti kila gari la aina hii lingekuwa nazo.

Nibadili gia nikifika wapi?

Inategemea gia inayofuata itakuangusha wapi. S2000 ina kamshafti zenye tabia mbili, na ile ya pili, ya VTEC (mfumo wa Honda wa kubadili jinsi valvu zinavyofunguka), huingia karibu na 6,000. Ukibadili kutoka ya pili kwenda ya tatu kwenye 7,500, unaanguka hadi 5,430, nje ya nguvu, na gari linazubaa. Ukisubiri 9,000 unatua 6,520, katikati ya mvuto. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili hata 9,000 yenyewe inakupa 5,870 tu, ukingoni kabisa. Ndiyo maana kwenye gari hili kupita kilele cha nguvu cha 8,300 hadi mstari mwekundu si ubishoo.

Injini yenye tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani, ni habari nyingine. Nyingi huishiwa pumzi mapema, na kuzikamua hadi mwisho ni kupoteza muda. Badili mapema.

Na bila kujali gari, badili kabla limita haijakugusa. Ikikugusa umepoteza mvuto kwa kitambo, na kama uko katikati ya kona uzito wa gari unahama ghafla kwenda mbele wakati huutaki.

Kuna ubaya gani kuipiga limita gari likiwa limesimama?

Upo. Injini haina mzigo, inapanda kwa kasi kubwa, inakatwa, inarudi, inakatwa. Kila pigo linatikisa cheni ya taimingi, springi za valvu na flaiwili. Upepo wa barabarani haupo, kwa hiyo joto linarundikana. Sijawahi kuona sababu ya kufanya hivyo inayolingana na gharama yake.

Fundi anasema anaweza kuipandisha limita hadi 9,500. Nikubali?

Muulize atabadilisha nini kingine. Akijibu kwamba ni programu tu, kataa. Namba ndani ya kompyuta inabadilishwa kwa dakika moja, lakini springi, bolti za konrodi na pampu ya oili hazisomi programu. Na kwa kawaida hakuna faida: nguvu ya injini ya kiwandani inakuwa inaporomoka ikishapita kilele chake, kwa sababu kamshafti na njia za hewa hazikuundwa kujaza silinda kwa kasi hiyo. Utapata kelele zaidi na mwendo uleule. Ikiwa umeweka kamshafti mpya, springi mpya, na umeipima injini kwenye mashine ya kupimia nguvu ukaona bado inapanda kwenye 9,000, hapo mazungumzo yanaanza.

Mazda RX-8 yangu inafika 9,000 na haina pistoni. Haya yananihusu?

Kwa sehemu. Injini yake ya mzunguko haina valvu wala konrodi, na rota yenyewe huzunguka mara moja kwa kila mizunguko mitatu ya shafti. Takometa inaposoma 9,000, rota iko 3,000. Ndiyo maana inapanda laini kiasi kwamba sikio halikuonyi, na Mazda wakaweka mlio wa kengele kumkumbusha dereva. Shafti na beringi zake zinahitaji oili yenye joto kama kawaida, na kosa la kushusha gia linaiumiza pia.

Sindano ya takometa inasema kweli?

Inasema kweli kwa kuchelewa. Kwenye gia ya kwanza injini nyepesi inaweza kuwa imepita pale sindano inapoonyesha. LFA ndio mfano maarufu: injini yake hupanda kutoka kuunguruma tu hadi 9,000 kwa sekunde 0.6, sindano ya kawaida ikashindwa kuifuata, wakalazimika kuweka takometa ya kioo cha dijiti. Kwenye gia ya kwanza, basi, jizoeze kubadili mapema kidogo kuliko macho yanavyotaka.

Nanunua gari lililotumika. Nitajuaje kama liliwahi kuzidishwa?

Kwa Porsche za miaka ya karibuni ni rahisi. Kompyuta ya injini huandika kila mara mizunguko ilipopita kiwango, ikipanga kwa madaraja, pamoja na saa ya injini jambo hilo lilipotokea. Mwombe muuzaji ripoti hiyo kabla ya kujadili bei. Daraja la chini ni kugusa limita tu, halina shida. Madaraja ya juu kabisa hayafikiwi kwa kukanyaga mafuta. Mtu alikosea gia. Angalia ilikuwa saa ngapi za injini zilizopita: kama gari limetembea saa mamia baada ya hapo bila tatizo, hofu inapungua.

Kwa magari yasiyoandika chochote, pima kompresheni na pima uvujaji wa silinda, kisha linganisha silinda kwa silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake, shuku valvu iliyopinda. Kwenye S2000 za mwanzo, mwambie fundi afungue kifuniko cha juu na aangalie visahani vinavyoshikilia springi za valvu. Vinajulikana kwa kupasuka baada ya kosa la gia, na gari huweza kuendelea kutembea vizuri kabisa na ufa huo kwa muda, mpaka siku kisahani kitakapoachia na valvu kudondokea ndani ya silinda. Kazi hiyo ni ya saa moja hivi na tochi nzuri. Muuzaji akikataa kifuniko kisifunguliwe, mimi ningeliacha gari hilo.